Shibe Mwana Malevya: Mizani ya Sahani Zetu Kirando

Ndugu msomaji, wahenga walisema kuwa njaa mwana malegeza, shibe mwana malevya. Kwa muda mrefu tumeishika nusu ya kwanza ya methali hiyo na kuisahau nusu ya pili. Njaa tumeiogopa, na tunayo haki ya kuiogopa. Lakini shibe tumeikaribisha majumbani mwetu bila ya kuiuliza imekuja na nini. Ijumaa hii tuitazame shibe hiyo kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika mji wa Kirando, wilayani Nkasi, mahali ambapo neema ya ziwa na neema ya uwanda wa juu wa Ufipa hukutana katika soko moja.

Hapana shaka kwamba Rukwa si mkoa wa kuhesabiwa miongoni mwa mikoa ya njaa. Mahindi ya Ufipa yamelisha sehemu nyingi za nchi yetu. Maharage na ulezi vinalimwa huko juu, muhogo huku chini, na ziwa linatoa dagaa, migebuka, sangala na kuhe. Pamoja na hayo yote, Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba watoto 56 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani Rukwa walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa kifupi mno kwa umri wao. Hapakuwa na mkoa mwingine uliotuzidi. Utafiti wa 2022 ulipofanyika, idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu nusu ya watoto wa mkoa, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa 30 katika kila 100.

Sasa tuigeuze shilingi tuone upande wake wa pili. Tafiti hizo hizo za taifa zilionyesha kuwa mwaka 1991-92 wanawake waliokuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia walikuwa 11 katika kila 100. Kufikia 2015-16 walikuwa 28, na utafiti wa 2022 ukawakuta zaidi ya theluthi moja ya wanawake wa miaka 20 hadi 49. Aidha, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64, wanaume na wanawake, ulikuta tisa katika kila 100 wana kisukari, na takriban robo yao wana shinikizo la juu la damu. Hizi ni hesabu za nchi nzima, na miji inatangulia. Lakini barabara, fedha na biashara zilizoibadilisha miji mikubwa ndizo zinazoteremka leo kutoka Namanyere kuja ziwani.

Wengi wetu hudhani kwamba haya ni matatizo mawili ya watu wawili tofauti: udumavu ni wa maskini, kitambi ni cha tajiri. Hoja ya makala haya ni kwamba sivyo. Kwa kiasi kikubwa ni tatizo moja linaloonekana katika umri mbili, na mara nyingi ndani ya nyumba moja. Sahani ile ile inayomdumaza mtoto ndiyo inayomnenepesha baba yake na mama yake.

Ushahidi wa jambo hili una miaka mingi. Katika majira ya baridi ya 1944-45, Wajerumani walipozuia chakula kisiwafikie watu wa magharibi ya Uholanzi, wanawake wajawazito walipatwa na njaa kali. Watafiti walipowachunguza baadaye vijana wa kiume waliokuwa matumboni mwa mama zao wakati ule, walikuta kuwa wale ambao njaa iliwapata katika nusu ya kwanza ya ujauzito walikuwa na unene uliozidi kwa wingi kuliko wenzao. Wataalamu wanaeleza kwamba mwili ulionyimwa mapema hujifunza kuweka akiba. Chakula kinapokuja kuwa kingi baadaye, mwili huo hukihifadhi kama mafuta, hasa tumboni, na kongosho lililokua kwa unyonge hulemewa na sukari. Basi mtoto aliyedumaa leo Kirando, akija kupata fedha na soda akiwa na miaka thelathini, yumo katika njia ya kisukari kabla hajaikata tiketi.

Tuitazame hiyo sahani yenyewe. Katikati pana mlima wa ugali, aghalabu wa sembe iliyokobolewa ikabaki wanga mtupu, au wa muhogo, ambao protini yake ni haba. Pembeni pana mboga kidogo na samaki kidogo, na huyo samaki mara nyingi humwendea mkubwa wa nyumba. Mtoto wa mwaka mmoja hupewa uji mweupe asubuhi na uji mweupe jioni. Kwa upande wa mtu mzima mwenye kipato huongezeka chai yenye sukari nyingi, maandazi, chipsi zinazoelea katika mafuta na soda ya baridi. Chupa moja ya soda ya mililita 350 hubeba kiasi cha gramu 35 hadi 40 za sukari, nalo Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku, na ikiwa nusu ya hapo ni bora zaidi. Tumbo la mtoto limejaa na mwili wake una njaa. Tumbo la baba limejaa na mwili wake umelemewa. Wote wawili wameshiba, na hakuna kati yao aliyelishwa sawasawa.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba dawa ya hali hiyo inaanikwa juani mbele ya milango yetu. Dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, hivyo humpa mlaji protini, madini ya chuma na chokaa ya mifupa kwa pamoja. Mwaka 1996 ulitangazwa utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania, uliowalinganisha watu zaidi ya elfu moja: wanavijiji wa Ziwa Nyasa waliokula samaki kila siku, na wenzao wa milimani Lugalawa, wilayani Ludewa, waliokula zaidi mazao ya shamba. Walaji wa samaki walikutwa na shinikizo la damu lililo chini zaidi na mafuta ya damu yaliyo salama zaidi. Sisi wa Tanganyika tunao samaki kama wao, lakini tunawafungasha katika magunia wakaliwe mbali, kisha tunarudi nyumbani na fedha ya kununulia mafuta na sukari.

Ama kuhusu kazi za mwili, mabadiliko ni makubwa. Mtwangio umeipisha mashine ya kusaga, kasia limeipisha injini, na mwendo wa kwenda shamba umeipisha bodaboda. Hizi ni neema, na hakuna mwenye akili atakayetaka mama arudishwe kwenye kinu. Lakini kazi ilipoondoka, kipimo cha ugali kilibaki pale pale. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza na kupumzika siku za mbalamwezi, na sahani yake ni moja siku zote. Tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Serikali ilipofunga shughuli za uvuvi ziwani ili samaki wazaliane, ziwa lilipumzika miezi mitatu. Kila mmoja ajiulize kama tumbo lake nalo lilipumzika.

Wala tusijidanganye kwamba jasho pekee litatuokoa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2012 kuhusu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao hutembea mwendo mrefu kila siku wakiwinda na kuchimba mizizi, ulikuta kwamba nishati inayotumiwa na miili yao kwa siku, ukizingatia ukubwa wa mwili, haipishani sana na ile ya watu wa Ulaya na Marekani. Funzo lake ni kwamba mazoezi huulinda moyo, huimarisha misuli na kuisaidia sukari ya damu itulie, lakini anayekula pasipo kipimo hataweza kuyakimbia matokeo ya kinywa chake. Vyote viwili vinahitajika, na chakula kinatangulia.

Jambo hili dini yetu haikuliacha bila mwongozo. Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, imeturuhusu kula na kunywa na papo hapo ikatukataza israfu. Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, katika hadithi aliyoipokea Miqdam bin Ma'dikarib, alifundisha kuwa mtu zinamtosha tonge chache za kumsimamisha mgongo, na kama hana budi kuzidisha, basi aligawe tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Ni wangapi miongoni mwetu hulibakizia pumzi fungu lake? Hata Ramadhani, mwezi wa kulipumzisha tumbo, tumeugeuza mwezi wa kulipa madeni ya mchana kwa sambusa na vinywaji vitamu usiku kucha.

Kikwazo kikubwa, hata hivyo, kimo katika ndimi zetu. Mtu akinenepa tunasema amenawiri, ana afya. Akipungua tunamuuliza anaumwa nini. Hofu hiyo ina historia yake, kwani miaka ya UKIMWI bila ya dawa iliwafanya watu waione kila nyama iliyopungua kuwa ni dalili ya msiba. Lakini zama zimebadilika. Kitambi si cheti cha mafanikio, na mke mnene si ushahidi wa mume mwema. Tukiendelea kuuita ugonjwa kwa jina la afya, nani atakwenda kupima?

Atasema mwenye kusema: mvuvi akibakiza dagaa nyumbani, ada na sare za shule atazilipa kwa nini? Hoja hii ni nzito na haifai kudharauliwa. Lakini hakuna anayemtaka abakize gunia. Kibaba kimoja kikitengwa kabla mchuuzi hajafika, kikaoshwa mchanga, kikatwangwa na kuchanganywa katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita, kinamtosha kwa siku nyingi. Mtoto aliyedumaa huitumia ada hiyo hiyo kwa shida darasani, na mzazi mwenye kisukari huja kuuza mtumbwi ili anunue dawa. Hesabu ya kweli ya biashara ni ile inayoyajumuisha hayo pia.

Basi tuanze na yaliyo karibu. Kwanza, tonge la samaki la kwanza liwe la mtoto na la mama mjamzito, kisha wafuate wengine. Pili, nusu ya sahani iwe mboga za majani, maharage na matunda, na ugali upungue, ukiwa wa dona au ulezi ikiwezekana. Tatu, soda iwe ya sikukuu, si ya kila mchana. Nne, tutembee kwa haraka angalau dakika 30 kwa siku tano za wiki. Msikiti, soko na shamba vyatosha kuwa sababu, na wanawake wapewe nafasi na muda wa kufanya hivyo kwa sitara yao. Tano, tujipime. Asiye na mizani achukue uzi, apime kimo chake tangu utosini hadi kisiginoni, aukunje mara mbili, kisha auzungushe kiunoni usawa wa kitovu. Ncha zisipokutana, kiuno kimepita nusu ya kimo, na ni wakati wa kwenda kituo cha afya kupima sukari na shinikizo la damu.

Ndugu zangu, mwili ni amana, na mtoto ni amana iliyo kubwa zaidi, kwa kuwa yeye hajichagulii anacholishwa. Mkoa wenye chakula hauna udhuru mbele ya mtoto aliyedumaa, wala mbele ya mzazi anayekatwa mguu kwa sababu ya sukari. Mwenyezi Mungu ametukunjulia riziki ya ardhi na ya maji. Lililobaki ni mizani, nayo imo mikononi mwetu, kila siku, saa ya kupakua.