Kompyuta Iliyouzwa na Kufuli Lake: Nani Mwenye Haki ya Kuifungua?

Mzozo wa kijana anayetaka kubadilisha mfumo endeshi wa kompyuta mpakato, yaani programu kuu inayoongoza vifaa na programu nyingine zote za mashine, ili aweze kucheza gemu, huchukuliwa na watu wazima wengi kuwa mambo ya watoto wasio na kazi. Katika teritori za Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, dharau hiyo huficha swali zito la mali: je, kitu kilichokwisha kuuzwa kinaweza kuendelea kumtii mwenye nacho wa zamani, aliye ng'ambo ya bahari na asiyejua hata kwamba Kasongo ipo?

Mfano ulio wazi ni Chromebook, aina ya kompyuta iliyoanza kuuzwa mwaka 2011 ikitumia ChromeOS, mfumo wa kampuni ya Google uliojengwa juu ya Linux. Kila inapowashwa, mashine hii hukagua kwanza kama programu zake zina sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji, na ikikuta pameguswa hukataa kuendelea. Huo ni ulinzi wa maana dhidi ya virusi, na mwenye mashine anaweza kuulegeza kwa kuingia katika hali ya wasanidi, ingawa akifanya hivyo hupoteza kila alichohifadhi ndani. Kufuli la pili ndilo lenye utata. Shule inaponunua mashine kwa mamia, huziandikisha katika seva za Google, na tangu hapo msimamizi wa shule ndiye anayeamua nani aingie, programu gani iwekwe na kama hali ya wasanidi ipatikane au izuiwe. Mashine ya namna hiyo hata ikifutwa kabisa, siku itakapounganishwa na intaneti seva huitambua kwa nambari yake, na kioo humletea mnunuzi jina la shule ya zamani, kikimdai akaunti ambayo hana wala hatakuwa nayo. Anayeweza kuifuta katika daftari la seva hizo ni msimamizi yule yule, ambaye mara nyingi alisahau kufanya hivyo siku mashine zilipopakiwa kwenda mnadani.

Wanafunzi wa Marekani wanaopewa mashine hizi shuleni hawakuacha kutafuta mianya ya kulikwepa kufuli hilo. Njia moja iliyosambaa mwaka 2023 ilitumia programu za ukarabati zilizokusudiwa mafundi, na Google ikalazimika kuiziba. Njia ya fundi ni nyingine. Katika mashine nyingi za miaka ya mwanzo, kilichozuia mtu kuandika upya programu ya kuwashia, ile inayoamka kabla ya mfumo endeshi, kilikuwa skurubu moja kwenye bodi kuu. Zilizofuata zilipewa chipu ya usalama, na katika nyingi kati ya hizo fundi huanza kwa kuchomoa betri. Kazi ikifaulu, mashine hupokea Linux ya kawaida na kuachana na seva ya shule. Ikiharibika katikati, kwa mfano umeme ukikatika programu hiyo ikiwa haijamaliza kuandikwa, kinachobaki ni bamba la plastiki lisilowaka, labda apatikane fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu moja kwa moja.

Kusini mwa Maniema hatari hiyo si ya nadharia, kwa kuwa umeme wa watu wengi hutoka kwenye paneli za jua na jenereta, na mtandao hununuliwa kwa vifurushi vinavyohesabiwa megabaiti kwa megabaiti. Hali hiyo hiyo ndiyo inayoipa nguvu hoja ya kufungua. ChromeOS ilibuniwa kwa dhana kwamba intaneti ipo muda wote. Hata kuiandaa mara ya kwanza hudai mtandao. Mashine yenye Linux, kwa upande wake, hupokea programu, vitabu na gemu kutoka kwenye flashi, ikaendelea kufanya kazi mwezi mzima bila kumuuliza mtu wa mbali.

Kuhusu gemu zenyewe, ukweli usemwe: Chromebook nyingi za shule zina kumbukumbu ya gigabaiti nne na hifadhi isiyozidi gigabaiti 32, kwa hiyo anayeota gemu nzito za kisasa atavunja kufuli bure. Google yenyewe ilianza mwaka 2022 kujaribu kuleta Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, kisha ikatangaza kwamba jaribio hilo lingefungwa mwanzoni mwa 2026. Kinachowezekana ni gemu za zamani na viigizi, yaani programu zinazojifanya mashine ya gemu ya kizazi kilichopita, kama PPSSPP, ambayo vijana wengi wa Afrika Mashariki huijua kupitia kandanda ya kwenye simu. (Kwamba gemu zinazochezwa humo mara nyingi ni nakala za wizi ni kesi nyingine, na si kompyuta iliyoianzisha.) Hata hivyo, kijana anayehangaika hadi gemu hiyo ikubali hujifunza kugawa diski, kusoma ujumbe wa kosa na kutofautisha chipu ya ARM na ya Intel, mambo ambayo somo la informatika hufundisha ubaoni pale ambapo kompyuta hazipo.

Jirani Rwanda ilipitia swali hili kwa upana zaidi. Kuanzia mwaka 2008 ilisambaza kompyuta za XO za mradi wa One Laptop per Child, ulioasisiwa na Nicholas Negroponte, zikafikia zaidi ya 200,000. Mashine hizo nazo zilibuniwa na kufuli dhidi ya wizi, lakini wabunifu wake waliweka pia utaratibu wa mtumiaji kuomba ufunguo wa kufungulia mfumo, na kwenye kibodi kitufe cha kuonyesha maandishi ya ndani ya programu. Gemu haikuonwa kuwa adui: kampuni ya Electronic Arts ilitoa SimCity kwa ajili ya mradi huo, na mwaka 2008 maandishi yake ya ndani yakawekwa huru kwa jina la Micropolis. Mradi ule ulilaumiwa kwa mengi, walimu kutoandaliwa vya kutosha likiwa mojawapo. Katika suala la kufuli ulikuwa na busara kuliko waliofuata.

Kisheria, Kanuni ya Dijitali ya Kongo, iliyotolewa kwa amri-sheria nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, huadhibu kuingia bila haki katika mfumo wa kompyuta. Uzito wote uko kwenye maneno "bila haki". Aliyenunua kihalali mashine iliyotupwa na shule ya ng'ambo ni vigumu kumwita mvamizi wa mali yake. Mwanafunzi anayefungua kompyuta ya shule yake mwenyewe, inayotumiwa na wenzake kwa zamu, hana utetezi huo, hata akiwa fundi hodari. Kati ya hao wawili yuko aliyeuziwa mashine ya wizi bila kujua, na kwa kuwa kufuli la mashine iliyouzwa na shule na la mashine iliyoibwa huweza kufanana kwenye kioo, risiti ndiyo pekee inayoweza kuwatenganisha.

Kwa hiyo mzigo wa kwanza usiwekwe begani mwa kijana wala fundi. Taasisi inayouza au kutoa msaada wa kompyuta ilazimike kuzifuta kwenye daftari lake kabla hazijaondoka ghalani, kazi ya dakika chache kwa msimamizi aliye mbele ya mtandao wa uhakika. Kwa zilizokwisha kuingia sokoni, mfanyabiashara wa Kasongo anayenunua Bukavu au Kalemie adai mashine ifutwe mbele yake na iunganishwe na intaneti papo hapo, dukani kwa muuzaji, kabla ya kutoa pesa. Jina la shule likitokea kwenye kioo, bei ishuke au mashine ibaki huko huko.