Jina la Marehemu
Wiki hii nilimwona kijana mmoja, fundi hodari, akiweka programu mpya kwenye kompyuta ya Ubuntu 22.04, kuiendesha tu, ikagoma, ikidai faili la libssl.so.1.1 halipatikani. Watu wengi wakikutana na kosa hili huifuta programu na kuiweka upya, kana kwamba ugonjwa uko humo. Hauko humo. Programu nyingi za Linux hazibebi kila kitu chake. Huazima maktaba za pamoja zilizomo kwenye mfumo, na amri ya ldd hukuonyesha ipi ipo na ipi haipo. Pengine maktaba unayo, imekaa zake /usr/local/lib, ila mfumo haujaarifiwa: endesha ldconfig kwa mamlaka ya msimamizi, kazi imekwisha, na raha ya ufundi ndiyo hiyo. Kijana yule hakuwa na bahati hiyo, kwani libssl ni maktaba ya OpenSSL, na Ubuntu 22.04 hutumia OpenSSL 3; toleo la 1.1.1, lenye faili lile, liliacha kuhudumiwa bure Septemba 2023. Akatengeneza kiungo, libssl.so.3 ikaitwa 1.1. Kumpa mtoto jina la marehemu hakumfufui marehemu: programu ilitafuta alama ya OPENSSL_1_1_0 ndani yake, ikaikosa, ikagoma tena. Kiungo cha namna hiyo ni udanganyifu, na kuokota maktaba ya zamani popote mtandaoni ni hatari zaidi, maana maktaba hiyo ndiyo inayolinda nywila na siri za watu. Mdai mtengenezaji akupe toleo lililojengwa kwa OpenSSL 3.