Treni, cherehani na tovuti ya bei poa

Leo naweka siasa pembeni niongee nguo. Najua mwandishi wa habari mwenye mashati matatu ya kazini akianza kuongelea mitindo watu watacheka. Chekeni, halafu tuendelee.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimekaa kwenye baraza la fundi cherehani mmoja hapa Mji Mpya, nasubiri suruali. Ni dada mtu mzima, ameshona tangu mimi sijaanza shule. Nikamuuliza kazi inaendaje, akajibu bila kuinua macho: "Mdogo wangu, treni inanimaliza."

Nilidhani anatania. Treni imeingiaje kwenye cherehani?

Akanieleza. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Moro mwezi Juni 2024. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa shilingi 13,000, na safari ni kama saa mbili hivi. Wakati wa basi ulikuwa hujui foleni ya kuingia Dar itakuweka mpaka saa ngapi. Sisi wengine tulishangilia, mimi mwenyewe niliandika habari ya kushangilia. Yeye anaona upande mwingine. Mama aliyekuwa akimletea kitenge ashonewe gauni la harusi sasa anapanda treni asubuhi, anazunguka Kariakoo, jioni karudi na gauni tayari kwenye mfuko. Mwaka huu kuna harusi mbili za mtaani kwake, za watu anaowajua kwa majina, ambazo hakushona hata sare moja. Na ada ya mtoto haijui habari za maendeleo ya reli.

Nimelala na hilo jambo. Mawazo yangu ni kwamba reli na barabara ile ile iliyompeleka mteja Kariakoo inaweza kuleta oda ya mteja wa Dar hapa Mji Mpya. Fundi wa Moro halipi kodi ya fremu ya Kariakoo, kwa hiyo gauni lake linaweza kuwa nafuu hata ukiongeza nauli ya kifurushi kwenye basi kutoka Msamvu. Kinachokosekana ni mtu wa Sinza au Mbagala kujua kwamba huyu dada yupo, anashona nini na kwa bei gani. Tovuti ndogo ya mavazi ingeweza kufanya kazi hiyo. Ugumu uko kwenye jinsi tunavyowafundisha watu kuitengeneza na kuitunza.

Mwaka jana taasisi moja, jina naliweka kapuni, ilileta mafunzo ya biashara ya mtandaoni hapa mjini. Ilikuwa ni semina ya mchana, saa saba hadi saa nane, siku tano, hotelini, chakula juu yao. Wazo lenyewe si baya hata kidogo. Dar es Salaam watu wamezoea mikutano ya kujifunza inayofuata ratiba ya siku: Policy Forum wana mijadala yao ya asubuhi wakati wa kifungua kinywa, TGNP kule Mabibo wana semina zao za Jumatano alasiri. Watu wanakwenda kwa sababu saa zimewekwa wanapopatikana.

Sasa niambieni, saa saba mchana muuza mitumba anapatikana wapi? Yuko kwenye meza yake! Hiyo ndiyo saa watumishi wanatoka maofisini na wanafunzi wanatoka madarasani, wanapita kula na huku wanapekuapekua mashati. Mauzo ya siku nzima yanaweza kutoka ndani ya dakika arobaini hizo. Umwambie aziache akale kuku hotelini na kujifunza neno "soko lengwa"? Hakuja. Waliokuja ni wale wa semina zote, wanaosaini karatasi ya posho hata kabla hawajauliza mada. (Sisi waandishi tusijifanye watakatifu hapa, bahasha tunaijua rangi yake.)

Tovuti ilitengenezwa kweli. Picha kubwa zinazojiendesha, warembo ambao si wa Moro wala si wa Tanzania, simu yako ya kawaida ikiifungua inameza bando kama mchanga unavyokunywa maji. Neno la siri alibaki nalo mshauri. Alipoondoka hakuna aliyeweza kubadilisha hata bei ya kanga. Mwezi uliopita nimeijaribu, haipo tena.

Mji huu unayo historia ya namna hiyo, ila wakati ule hasara ilikuwa kubwa zaidi. Wazee wanakumbuka kiwanda cha viatu kilichojengwa hapa miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia. Kilipangiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Kilikuwa na kuta za alumini na hakikuwa na mfumo wa kupitisha hewa, kwenye joto hili la Moro! Hakikuwahi kufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ukakoma. Kuna mtu alipanga vizuri sana kwenye karatasi bila kukaa barazani na fundi viatu hata siku moja.

Basi sisi marafiki watano tumeamua kujaribu kidogo kidogo. Mmoja alimaliza Mzumbe na anaijua kompyuta, mwingine yuko SUA, mimi najua kuandika tu. Kwanza tuligawa saa. Mafundi cherehani wanakuja saa saba mchana, kwa sababu wateja wao wengi hupita jioni na mchana ni wakati wao wa kupumzisha miguu. Wauza mitumba tunawafuata saa nne asubuhi, wakishamaliza kufungua belo na kupanga meza, kabla watu hawajaanza kumiminika. Hatuwaiti hotelini. Tunakaa kwa mama ntilie wa jirani na baraza lenyewe.

Hatutoi posho, tunatoa sahani. Wali maharage ni shilingi 2,500, watu kumi ni 25,000, kila mmoja wetu anachanga 5,000. Atakayeona hailipi asije, hatutagombana. Kila siku tunafundisha kitu kimoja tu, na mtu aondoke amekifanya kwa mkono wake, kwenye simu yake. Siku ya picha ni picha: nguo itundikwe nje kwenye kivuli, nyuma kuwe na ukuta mtupu, basi. Siku ya vipimo ni futikamba: kifua, kiuno, nyonga, urefu, viandikwe kwa inchi kama mafundi walivyozoea, maana "saizi ya kati" ya mtumba wa Ulaya si saizi ya kati ya dada wa Kilakala.

Na bei! Hapa naomba niwe mkali kidogo. Huu ugonjwa wa "bei njoo inbox" unaua biashara za watu. Mteja wa Dar hana muda wa kukubembeleza, na akiona umeficha bei anahisi utampima mfuko kwanza. Nchi hii kila mtu ameshapokea ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", kwa hiyo anayeuza kwa simu anaanza akiwa mtuhumiwa. Andika bei, weka picha ya baraza lako na jina la mtaa, tumia lipa namba yenye jina la biashara ili mteja alione kabla hajathibitisha. Hayo yatasaidia kuliko mapambo yote.

Wapo wanaosema kwa nini tusiishie Instagram, ni bure. Itumieni, sikatai. Lakini tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika dunia nzima kwa saa kadhaa, na aliyekuwa na duka huko tu alikaa kimya akitazama simu. Na wanaosema tusubiri kampuni kubwa ituletee soko la mtandaoni wakumbuke Jumia, walikuja na fedha nyingi na Novemba 2019 wakafunga shughuli zao Tanzania. Sisi tovuti yetu inatumia WordPress, programu isiyouzwa. Jina na hifadhi ya mwaka mzima vimetugharimu chini ya bei ya cherehani ya mtumba. Picha tunazibana zisizidi kilobaiti 100. Neno la siri analo fundi, ameliandika nyuma ya daftari lake la vipimo, na jina la tovuti limesajiliwa kwa jina lake. Tukigombana kesho, sisi ndio tutakaofungiwa nje.

Sijidanganyi kwamba itamfikia kila mteja. Wale mama wanaoteremka kutoka milima ya Uluguru na ndizi na mboga, wakauza kisha wakanunua gauni la mtoto kabla ya kupanda tena, hawatafungua tovuti yoyote. Wao wanashika kitambaa, wanakivuta, wananusa. Kwa hiyo nguo zitaendelea kutundikwa pale barazani, na fundi mwenyewe alinikumbusha hilo kabla sijamaliza kujisifu.

Aliniuliza pia swali ambalo hatujalipatia jibu: oda zikija, nani atapokea simu wakati mguu uko kwenye cherehani? Tumefikiria binti yake aliyemaliza kidato cha nne, ila binti anataka alipwe asilimia, na mama anasema chakula anachokula pale nyumbani kinatosha kuwa asilimia. Jumanne saa saba tunakutana kuamua hilo kabla ya kupiga picha ya kwanza.

Suruali yangu, kwa taarifa yenu, bado haijaisha.