Krismasi Mnakula Wapi?



Desemba inapoingia, mazungumzo ya akina mama huwa ni yale yale: nguo za watoto, bei ya mchele, nauli ya kwenda kwa bibi na nani atabaki kulinda nyumba. Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya mtu ambaye mara nyingi hayumo katika hesabu hizo. Ni mwanafunzi aliye mbali na kwao, ambaye wenzake wakifunga mizigo yeye hana pa kwenda. Hatuyasemi haya kwa kusimuliwa. Sisi wenyewe tulikuwa wanafunzi wa namna hiyo mjini Morogoro, Desemba ya mwaka 1996.

Tulikuwa wasichana watatu katika chumba kimoja cha bweni, wote wa Mkoa wa Kagera. Siku hizo, njia ya wengi kutoka Morogoro kwenda Bukoba ilikuwa ni kupanda treni ya Reli ya Kati hadi Mwanza, kisha kulala melini usiku kucha kuvuka Ziwa Victoria. Lakini asubuhi ya tarehe 21 Mei mwaka huo, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba, na mamia ya watu wakafa maji. Mmoja wetu alimpoteza shangazi yake humo, yule aliyekuwa akimlipia ada.

Barua za nyumbani za mwezi Novemba zilisema jambo moja, kana kwamba mama zetu walikaa jamvi moja wakaziandika: msipande meli. Mama mmoja aliandika kwamba ni afadhali akose kumwona mwanawe Krismasi moja, kuliko kwenda kusimama bandarini kumngoja asiyeshuka. Barabara ya kulizunguka ziwa ilikuwa ya vumbi na mashimo, na nauli yake hatukuwa nayo.

Tukawajibu kwa moyo mkuu: msiwe na wasiwasi, tumealikwa na watu wema wa hapa Morogoro. Ulikuwa uongo. Hatukuwa tumealikwa na mtu yeyote.

Bweni lililonyamaza

Aliyewahi kukaa bwenini anajua kelele zake: ndoo, redio, vicheko, mtu anayegonga mlango kuomba chumvi. Tuliizoea kelele hiyo hata tukawa tunailalamikia. Ilipokoma, tulisikia bomba likidondosha maji kutoka mwisho wa ukumbi. Jiko la chuo lilikuwa limefungwa. Tulikuwa na jiko moja la mafuta ya taa, unga kiasi, na dagaa waliofungwa katika gazeti.

Kila alasiri mawingu yalishuka juu ya Milima ya Uluguru hata vilele visionekane. Tulikaa barazani tukiitazama milima hiyo na kuzungumza habari za senene. Msomaji ambaye si wa Kagera atatuwia radhi. Novemba na Desemba ndio msimu wa senene kwetu, na mtoto wa kwetu aliye mbali hukumbuka harufu yao ikikaangwa kuliko hata anavyokumbuka nyimbo za Krismasi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo tungeweza kulinyamazia, lakini gazeti hili husomwa na mama wenye mabinti. Mwanamume mmoja mwenye gari alikuwa na mazoea ya kusimama karibu na bweni letu. Alipojua kwamba tumebaki, alimwambia mwenzetu mmoja kwamba angempeleka Dar es Salaam kula sikukuu, kisha amrudishe. Tarehe 23 tulimkuta mwenzetu huyo anapanga nguo katika begi. Tulimkemea kwa maneno makali. Hakubishana nasi. Alisema tu, "Angalau huko nitakula."

Tulinyamaza, maana hatukuwa na jibu. Tulimhukumu mwenzetu kwa tabia, kumbe kilichomsukuma ni njaa na upweke. Wengi wetu tunaohukumu mabinti wa watu hatujawahi kuuliza wamekula nini jana.

Mama wa mboga

Sokoni mjini tulikuwa na mama mmoja ambaye tulinunua kwake kabichi na karoti muhula mzima. Alikuwa Mluguru kutoka Mgeta, upande wa magharibi wa milima, ambako mboga nyingi za mji ule hutoka. Mapema mwezi huo alikuwa ametuuliza, "Wanangu, Krismasi mnakula wapi?" Tukamjibu haraka kwamba tunakwenda kwa shangazi Dar es Salaam.

Asubuhi ya tarehe 24 tulikwenda sokoni kutafuta nyanya za bei ya chini, zile zilizoanza kulainika. Mwenzetu mwenye begi alikuja nasi akiwa amenuna. Tulijaribu kupita mbali na meza ya yule mama, lakini alituona.

"Shikamoo mama," tukasema.

"Marahaba. Shangazi amehama?"

Tukacheka, naye hakucheka. Akatuuliza tena, polepole, "Wanangu, nawauliza. Krismasi mnakula wapi?"

Ni mwenzetu aliyenuna ndiye aliyejibu. "Mama, hatuna pa kula."

Mama akaanza kufunga vikapu vyake. Akasema gari lililoshusha mboga linarudi Mgeta mchana, twende tukalete nguo za baridi. Hakusema zaidi ya hapo. Tulirudi bwenini mbio, na lile begi lililokuwa limekwisha kufungwa ndilo lililotangulia kutoka.

Mlimani

Gari lilipita barabara ya Iringa, likaacha lami pale Sangasanga na kuanza kupanda. Mvua ilikuwa imenyesha. Mara mbili tulishuka kusukuma, tukapakwa tope hadi magotini, na mara ya tatu dereva alisema mwisho wake ni hapo. Tukamalizia kwa miguu gizani, tukimfuata mama aliyekuwa na mzigo kichwani na bado akitupita kwa mwendo.

Hatukujua kwamba Morogoro, mji tuliouona wa joto, una mahali pa baridi kiasi kile. Tulilala watatu kitanda kimoja chini ya mablanketi mawili, na binti zake wawili wakalala mkekani. Asubuhi tukaona mahali tulipofika: mashamba ya njegere, viazi na kabichi yamepangwa ngazi kwa ngazi kwenye miteremko, na maji yakishuka kila upande. Mito ya Uluguru huuingia Mto Ruvu, ambao maji yake ndiyo hunywewa Dar es Salaam. Tulikunywa chai ya maziwa ya mbuzi, maana mbuzi wa maziwa walikuwa wamepelekwa Mgeta na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine tangu miaka ya 1980.

Tulikwenda ibada pamoja nao. Wawili wetu ni Walutheri na mwenyeji wetu ni Mkatoliki, lakini hakuna aliyetuuliza cheti. Walipoanza kuimba, yule aliyefiwa na shangazi akalia, na hakuweza kujizuia. Nyumbani, mama hakumwambia "nyamaza" wala "ni mapenzi ya Mungu." Alimletea kigoda, akamwekea ungo wa mahindi mapajani, wakapukuchua pamoja hadi ungo ukaisha. Katikati ya kazi hiyo mwenzetu alisimulia habari za shangazi yake kwa mara ya kwanza tangu mwezi Mei. Sisi tuliolala naye chumba kimoja hatukuwahi kumwuliza.

Mchana tukaletewa sinia. Mama alikuwa amesikia kwamba watu wa Bukoba hawahesabu kuwa wamekula kama hawajala ndizi. Akatuma mtoto kwa jirani, akapika ndizi na maharage kwa namna yake. Haikuwa namna yetu. Tulikula hadi sinia likabaki jeupe.

Jioni tulizungumza habari za mashamba. Mama alituonyesha mipaka kwa kidole: hili lilikuwa la bibi yake, likaja kwa mama yake, sasa analima yeye, na kesho ni la binti zake. Waluguru hufuata ukoo wa upande wa mama. Kwetu Kagera mila ilikuwa kinyume, binti hakuweza kuuza ardhi ya ukoo. Tukamweleza kesi ya Bi. Holaria Pastory, aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake akaliuza, mpwa wake Bernardo Ephrahim akaipinga mauzo hayo, na mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza ikasema kwamba mila hiyo inambagua mwanamke kinyume cha Katiba. Mama akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Ilibidi aende mahakamani?" Tulijiona tumesafiri mbali kuliko tulivyodhani.

Barua ya kweli

Usiku wa tarehe 26, kwa mwanga wa kibatari, tuliandika barua tatu. Tulikiri kwamba barua za kwanza zilikuwa za uongo, na kwamba sasa tumepata mwenyeji kweli kweli. Tulieleza njaa pia, ila habari za mwenye gari hatukuziandika. Mwenzetu aliomba amweleze mama yake kwa mdomo atakapofika, na alifanya hivyo.

Mwishoni mwa Januari tulipokea kifurushi kilicholetwa na msafiri. Ndani mlikuwa na senene waliokaushwa, na kahawa ya kutafuna, ile ambayo Wahaya humpa mgeni kwa heshima. Mama mmoja alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu: "Ya mwenzangu wa Mgeta." Tulimpelekea sokoni. Kahawa aliitafuna palepale. Senene aliwatazama kwa muda mrefu, akasema, "Wanangu, upendo una mipaka," na meza zote za jirani zikacheka.

Tufanye nini basi?

Siku hizi mambo mengi yamebadilika. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma. Meli ya MV Victoria ilirudi ziwani mwaka 2020 baada ya kukarabatiwa. Simu imechukua nafasi ya barua. Lakini kwa mtoto wa maskini nauli bado ni nauli, na kwenye simu mtoto anaweza kusema "niko salama, mama" huku sufuria ni tupu, kama sisi tulivyosema kwa kalamu.

Kwa hiyo, mpendwa msomaji, tunakuomba mambo machache.

Kama unaishi karibu na chuo, uliza. Uliza kanisani, kwenye kwaya, dukani. Na ukijibiwa "nina kwa kwenda", uliza mara ya pili. Mara ya kwanza hujibu aibu. Mwanafunzi ana haya ya kuonekana ombaomba, hasa kama kijijini kwao ndiye tegemeo la wote.

Ukimwalika, mwalike pamoja na mwenzake, na mpe nafasi azungumze na mama yake akiwa kwako, ili mzazi ajue mtoto yuko kwa nani. Mpangie pa kulala pamoja na binti zako. Mpe kazi ndogo ya nyumbani, maana mgeni anayeketi tu hujiona mzigo. Lakini usimgeuze mtumishi wa sikukuu, kutwa jikoni wakati wengine wamekaa mezani. Kama ni wa dini nyingine, chakula ni chakula. Usimdai ibada kama malipo.

Kama mwanao yuko mbali, mwambie mapema kama nauli haipo. Mtoto anayeambiwa ukweli Oktoba ana muda wa kutafuta mwenyeji. Anayeahidiwa hadi tarehe 20 Desemba hubaki na begi mkononi, na wako watu wanaolitazama begi hilo kwa jicho baya.

Na wewe mwanafunzi unayesoma gazeti hili kwa kuazima, sema kweli. Hata Mariamu na Yusufu walikuwa wasafiri wasio na pa kulala, na hatusomi kwamba waliona aibu kugonga. Kila mlango tuliojifungia sisi watatu Desemba ile ulifunguliwa na maneno manne ya mwenzetu aliyenuna: mama, hatuna pa kula.

Mwenyeji wetu alifariki miaka mingi iliyopita. Binti zake wanalima shamba lile. Kila Desemba mmoja wetu hupita sokoni Morogoro kununua kabichi asizozihitaji, na kabla ya kulipa huwauliza wanafunzi waliosimama karibu swali lile lile. Huwa wanajibu haraka haraka kwamba wana kwa kwenda. Basi anauliza tena.

Tunawatakia nyote Krismasi njema, na meza yenye kiti kimoja cha ziada. Hadi mwezi ujao.