Kuni za Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi sisi wanafunzi wa bweni hutoka kwenda kutafuta kuni za jikoni. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza tulizipata nyuma ya uwanja wa mpira. Sasa niko Kidato cha Tatu, na yatubidi kuvuka mto wa pili ndipo tupate za kutosha mtita mmoja. Bandu bandu humaliza gogo. Sisi karibu tunamaliza kilima.

Baadhi ya wenzangu husema hilo ni jambo la jikoni tu. Mimi nasema ni jambo la Halmashauri yetu ya Wilaya, maana shule ni yake, zahanati ni zake, na ofisi ambazo taa zake huwaka mchana kutwa ni zake pia.

Tazameni jiko letu. Sufuria kubwa hukaa juu ya mafiga matatu, moto ukitoka pande zote. Joto jingi huenda hewani, na moshi huingia machoni mwa mama mpishi. Jiko banifu la matofali, lenye bomba la moshi, hupika ugali ule ule kwa kuni chache zaidi. Tazameni na taa: balbu ya zamani ya wati 60 na balbu ya LED ya wati 10 hutoa mwanga unaokaribiana. Mwenye ile ya kwanza hula umeme mara sita.

Najua madiwani watajibu: "Fedha hakuna; madawati kwanza." Jibu hilo lina haki yake. Lakini mwalimu wetu wa Jiografia alitueleza habari za mji wa Stuttgart, Ujerumani. Mwaka 1995 mji huo ulianzisha mfuko wake wa ndani. Idara ikitaka kupunguza matumizi ya nishati katika majengo yake, hupewa fedha za mfuko huo; kisha kinachookolewa katika ankara hurudi mfukoni mpaka deni liishe, na fedha hizo hizo zikafanya kazi kwingine. Stuttgart ni mji tajiri, nasi si matajiri; lakini sisi twaweza kuanza na jiko moja na balbu za shule moja.

Sharti langu ni hili. Kijijini kwetu zahanati ilipata umeme wa jua, na watu wakashangilia. Betri zilipokufa hapakuwa na fungu la kununua nyingine, na akina mama wakarudi kujifungua kwa mwanga wa tochi. Basi fungu la matengenezo litengwe siku ile ile ya kununua.

Mwaka 2024 Serikali yetu ilizindua mkakati ambao shabaha yake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Shabaha hiyo haitafikiwa Dodoma; itafikiwa katika majiko kama hili letu.

Wazazi wetu, mkutanapo na diwani, muulizeni: kuni na umeme vimekula kiasi gani mwaka huu, na Halmashauri imetenga nini ili vipungue? Nasi wanafunzi tuzime taa tutokapo darasani, na tupande miti pale tulipokata. Mimi nitamaliza shule nikiwa bado na mtita kichwani. Atakayekalia dawati langu na asome Jumamosi asubuhi.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu