Kuku wa Kikorea Kitengela: kuchinja tumeuliza, mchuzi je?

Sisi watu wa Pwani tunaoishi huku Kitengela, kaunti ya Kajiado, tuna swali moja tukiingia mkahawani: kuku huyu kachinjwa na nani? Ni swali la haki, lakini siku hizi halitoshi.

Mapishi ya Kikorea yameshika Nairobi, yakibebwa na tamthilia ambazo vijana wetu hukesha nazo. Kitengela iko hapo tu kwenye barabara ya Namanga, kwa hivyo ladha ya mjini haichelewi kufika. Mabawa, mapaja na firigisi hupakwa rojo jekundu la gochujang, kisha yakawekwa juu ya makaa. Rojo hilo ni pilipili ya unga, mchele wa kunata, soya iliyochachuliwa na chumvi. Utamu wake hauna ubishi. Paja hulipokea vyema kwa sababu lina mafuta. Kidari hukauka upesi. Na kwa kuwa rojo lina sukari, lipake mwishoni, la sivyo litaungua.

Tatizo liko koponi. Viwanda vingi vya Korea hutia kileo kwenye gochujang ili isizidi kuchacha dukani. Wapishi wengine huongeza mirin, mvinyo mtamu wa mchele kutoka Japani, ili kukata shombo. Kuhusu kileo kinachojitokeza chenyewe katika kuchachua, nawaachia masheikh. Hiki ninachokisema hutiwa kwa makusudi. Kuku aweza kuchinjwa kwa Bismillahi, kisha akaharibiwa na kijiko kimoja cha mchuzi, na cheti cha halali kilichotundikwa buchani hakisemi lolote kuhusu kopo la jikoni.

Dawa ipo. Waislamu wa Malaysia na Indonesia walitaka bidhaa za halali, na kampuni za Korea zikatengeneza gochujang yenye muhuri huo. Korea haikusilimu, ilimsikiliza mnunuzi. Nasi tukiuliza kila tunapokula, wenye mikahawa na maduka watayatafuta makopo hayo.

Anayechoma nyumbani asihangaike. Ukwaju, kitunguu thomu, tangawizi, pilipili, asali na mafuta ya simsim humfikisha karibu na ladha ile. Na kuku wa kupaka kwa tui la nazi bado hajashindwa na mtu.

Lakini ukila nje, baada ya kuuliza kuhusu kuchinja, ongeza maneno manne: "Naomba kuona kopo lenyewe."