Anasa ya nani?

Ndugu mwandishi, umedai kwamba kujaribu dawa lengwa za saratani ya damu ni anasa ya Wazungu, sisi turidhike na kemotherapi. Nakujibu kutoka Msasani, hii ya Tukuyu yenye mvua na migomba, si ile ya ufukweni.

Ipo saratani kali ya damu inayotokea kromosomu ya 9 na ya 22 zikibadilishana vipande. Kemotherapi peke yake ilishindwa kuwaponya wengi. Wamarekani wakawaongezea watoto dawa lengwa, imatinibu, na matokeo ya 2009 yakaonyesha kwamba katika kundi lililoimeza kwa muda mrefu zaidi (walikuwa 44 tu, nakiri), takriban asilimia 80 walifika miaka 3 bila ugonjwa kurudi. Zamani ilikuwa 35.

Na ni kidonge, bwana! Mama anaweza kukifunga kwenye pindo la kanga pamoja na nauli. Kazi ni kukipata, na kupimwa kwanza: toka hapa hadi Hospitali ya Muhimbili ni zaidi ya kilomita 800 kwa basi. Hilo ndilo ungeliandikia. Kuwaambia wazazi waridhike na nusu ya tiba ni ukatili.